Tepa Aliyoichagua Fundi Runji

Mimi ndiye niliyeipiga chapa ile barua. Naanzia hapo kwa sababu watu wachache wanaokumbuka karakana yetu husimulia habari za Naftaly Runji kana kwamba zilianza siku ya ajali. Zilianza mwaka wa 1987, na barua ya kurasa mbili ambayo nilikosea nikaandika 13 mahali pa 30. Runji aliirudisha mezani kwangu bila kelele, akaweka kidole kwenye kosa, akasema, "Celina, hii namba ndiyo barua yenyewe. Hayo mengine ni salamu."

Karakana ilikuwa ya ushirika wa kahawa, upande wa Kinoru, mjini Meru. Kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza mashine za kumenya kahawa zilizotoka kwenye viwanda vya wakulima huko milimani. Mimi nilikuwa karani wa chapa, mtu wa Embu niliyeolewa Meru. Runji alikuwa fundi mkuu, ingawa hakuwa amefika miaka thelathini na tano. Kwao ni Siakago, kule chini kwenye joto na ndengu, na Wameru wa karakana walimwita Mumbeere, yaani mtu wa Mbeere, nusu utani, nusu kumkumbusha kwamba si wa hapo. Alikuwa mwembamba, alifunga shati mpaka kifungo cha shingoni, na maikromita yake, kile kipimo cha unene wa chuma, aliiweka ndani ya soksi ya sufi kama mtoto mchanga.

Shida yetu ilikuwa shafti, ule mhimili unaozunguka. Kila shafti ya mashine ya kumenya ina mfereji mdogo ambamo kinakaa kipande cha chuma, ndicho kinachoshika puli, gurudumu la mkanda, isizunguke peke yake. Mfereji huo tulikuwa tunauchonga kwa tupa, siku nzima kwa shafti moja, au shafti zinapelekwa Nairobi zikakae wiki tatu huku kahawa ya watu inaoza kwenye magunia. Basi wakurugenzi wakakubali kununua mashine ndogo ya milingi, ile inayokata chuma kwa kisu kinachozunguka. Meneja wetu, Bwana Muriithi, akamwambia Runji aandike ni mashine ya aina gani.

Nilimuuliza Runji nilichokuwa nakiandika maana yake nini. Akachukua karatasi mbili za kaboni zilizokwisha, akazikunja kama wauza karanga wanavyokunja, akachomeka moja ndani ya nyingine.

"Kisu kinashikwa na kishikio," akasema. "Kishikio kinaingia kwenye pua ya mashine. Tundu la hiyo pua ni pana chini, jembamba juu, namna hii. Ndiyo tepa. Meza, mota, rangi, hayo yote unaweza kurekebisha baadaye. Tepa ukikosea, umenunua meza ya kuwekea chai."

"Na ziko aina ngapi?"

"Nyingi. Kwetu sisi ni mbili tu. Morsi namba tatu, ama hii thelathini."

Mzee Mithika alitaka Morsi. Mithika ndiye aliyeshika mashine ya kukereza, mtu mnene wa hapo hapo Kinoru, aliyejifunza kazi kwa mzungu wa kiwanda cha mbao kabla ya uhuru na ambaye hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka minne. Alimfuata Runji uani, na mimi dirisha langu lilitazama uani, kwa hiyo mabishano yao niliyasikia wiki nzima.

"Droo yangu imejaa biti za kutobolea za Morsi," Mithika akasema. "Soketi zake niko nazo. Ikivunjika moja, sokoni Gakoromone kuna mtu anauza za mitumba kwa gunia. Sasa hiyo thelathini yako, wewe umeiona wapi?"

"Chuoni."

"Chuoni! Chuoni si mlikuwa mnapewa maziwa ya bure pia?"

Runji hakukasirika. Alimheshimu yule mzee. "Morsi inauma, Mzee. Ukishaivuta juu na nondo yake ya ndani ya pua, haitoki mpaka uigonge kichwani na nyundo. Kila ukibadilisha kisu, gonga. Beringi za ndani zitavumilia miaka mingapi? Thelathini unalegeza nondo, unagusa kidogo, kishikio kinakuangukia mkononi."

"Beringi zitafika siku yangu ya kustaafu."

"Yangu hazifiki."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mmoja alikuwa anaifikiria mashine, mwingine alikuwa anafikiria Meru. Barua ikaenda na thelathini. Ukurasa wa kwanza ulieleza sababu, vizuri kabisa, na wakurugenzi wakaupenda kwa sababu hawakuuelewa. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya vishikio ambavyo lazima vinunuliwe pamoja na mashine: chaki ya koleti, yaani kibanio cha visu, na koleti zake nane, chaki ya kutobolea, fimbo ya kushikia visu vya duara. Chini yake Runji alinifanya niandike kwa herufi kubwa kwamba bila hivyo mashine haitafanya kazi. Sijui kama kuna mtu aliyefungua ukurasa wa pili.

Mashine ilifika Julai mwaka uliofuata. Ilikuwa ya kijani, ndogo, nzuri ajabu, imepakwa grisi kama mtoto aliyetoka kuoga. Tulitoka sote kuitazama. Runji alipasua sanduku kwa mikono yake, akatafuta kwenye nyasi kavu za kufungia, akatafuta tena. Hakukuwa na kishikio hata kimoja. Karatasi iliyokuja nayo ilisema leseni ya kuingiza mashine ilitoka, lakini vifaa vyake vilihesabiwa kama bidhaa nyingine, na leseni ya bidhaa hiyo ilikuwa bado inashughulikiwa. Enzi hizo hata msumari wa ng'ambo ulihitaji mihuri.

Nilidhani Mithika atacheka. Hakucheka. Alichungulia lile tundu tupu, akafuta grisi kwenye ovaroli, akasema, "Mashine nzuri. Haina mdomo tu."

Runji alikwenda Nairobi mara tatu. Kila akirudi alikuwa na jina la ofisa mwingine wa kuandikiwa, na mimi niliandika. Wakulima waliokuja karakana wakaanza kuuliza ile mashine ya kijani inafanya nini, na mtu mmoja, simtaji, alianza kweli kuweka chupa yake ya chai juu ya meza ya mashine. Runji aliona. Aliitoa ile chupa, akaiweka chini polepole, akaenda kusimama nyuma ya stoo kwa muda.

Mwezi wa Septemba Bwana Muriithi akapoteza subira. Alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na alikuwa amewaahidi wakurugenzi mambo makubwa. "Fundi, tengeneza hicho kishikio wewe mwenyewe," akasema. "Si una elimu?"

Nikisema ukweli, majuma yale matatu ndiyo niliyoyaona mazuri kuliko yote pale karakana. Runji alipiga hesabu ya mwinamo, nyuzi nane na kitu, na Mithika akakereza kwa mikono yake ile minene ambayo ilisikia chuma kuliko macho ya wengine. Walipaka rangi ya buluu, wakaingiza, wakatoa, wakaangalia ilipogusa na isipogusa, wakaondoa unene wa unywele, wakarudia. Nafasi mbili za kuzuia kishikio kisizunguke zilihitaji kukatwa na mashine ya milingi, na mashine ya milingi ndiyo hiyo isiyokuwa na kishikio, kwa hiyo wakazichonga kwa tupa, zamu kwa zamu. Walikula githeri kwenye bakuli moja. Nilimsikia Mithika akimwita "mwanangu."

Kilipokamilika kilikaa kama kilizaliwa na mashine. Juu kilikuwa thelathini. Chini walikuwa wametoboa tundu la Morsi, ili zile biti za droo ya Mithika na chaki yake ya kutobolea ziingie. Ila kilikuwa na upungufu mmoja. Nondo ya mashine ilivuta kishikio chenyewe tu; kile kilichochomekwa chini kilishikwa na msuguano peke yake. Runji alinieleza nilipokwenda kukiona. "Ukitoboa, nguvu inasukuma kwenda juu, chaki inazidi kukaa. Ukikata kwa ubavu, mtetemo unailegeza. Itaanguka ikizunguka." Akachukua herufi za chuma na nyundo, akapiga kwenye shingo ya kishikio, moja moja: KUTOBOA TU.

Oktoba kahawa ikaiva. Mashine mbili za kumenya zikasimama kiwandani siku moja, na shafti nne zikaletwa mbio. Runji alikuwa asafiri kwenda Nairobi kesho yake. Safari hii alikuwa ameahidiwa leseni. Jioni jua bado liko juu, watatu walisimama chini ya dirisha langu: Muriithi, Mithika na yeye.

"Shafti nne tu," Muriithi akasema. "Mnataka nipeleke Nairobi na mashine iko hapa?"

"Hii ni ya kutoboa," Runji akasema.

"Inazunguka ama haizunguki?"

Mithika akamgeukia Runji. "Wewe ndiye fundi mkuu. Unasemaje? Tukate?"

Nilikuwa nimeacha kupiga chapa. Nafikiri Runji alichoka kuwa mtu aliyeleta mashine isiyofanya kazi. Nafikiri pia aliwaza safari yake ya asubuhi. "Kata kidogo kidogo," akasema mwisho. "Nusu milimita. Ukisikia sauti imebadilika, zima."

"Mmesikia," Muriithi akasema, akaondoka.

Shafti mbili za kwanza zilitoka sawa. Kwenye ya tatu, kesho yake kama saa nne asubuhi, nilisikia mlio kama wa bati linalopasuliwa, kisha kishindo, kisha mtu analia jina la mama yake kwa Kimeru. Chaki ilikuwa imechomoka na kisu chake, kisu kikaruka kutoka kwenye mfereji, vyote viwili vikamfikia Mithika kwenye mkono wa kushoto uliokuwa umeshika usukani wa meza. Hospitalini waliuokoa mkono. Kamba zilizo ndani yake hawakuweza. Vidole vinne vilijikunja kwenye kiganja na havikunyooka tena.

Kikao kilifanyika baada ya wiki tatu. Walikuwa wakurugenzi watatu, na Muriithi, na mimi wa kuandika. Muriithi aliweka kile kishikio juu ya meza, kimepanguswa kikang'aa.

"Fundi Runji, nani alipiga herufi hizi?"

"Ni mimi."

"Zinasema nini?"

"Kutoboa tu."

"Wakati Mithika anakata na kifaa hiki, wewe ulikuwa umempa ruhusa?"

Mithika alikuwa ameketi mkabala naye, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Alimtazama Runji kama mtu anayesubiri kuamkiwa. Muriithi alikuwa anatazama kalamu zake. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye daftari, kalamu imesimama.

"Nilikuwa Nairobi," Runji akasema.

Nikaandika: Fundi mkuu alikuwa Nairobi. Ilikuwa kweli. Kila neno kwenye daftari langu siku ile lilikuwa kweli.

Wakamuuliza Mithika kama ana la kusema. "Fundi amejibu," akasema, na hakufungua mdomo tena.

Akaachishwa kazi kwa kupuuza onyo lililoandikwa. Na kwa kuwa kosa lilikuwa lake, fidia hakupata. Miaka ishirini na sita ya kukereza ikaisha kwa barua ya mistari sita, nayo pia niliipiga chapa mimi. Nilikuwa nimewaza kusema. Naapa nilikuwa nimewaza. Lakini mume wangu alikuwa hana kazi mwaka ule, na siku moja kabla ya kikao Muriithi alipita mezani kwangu, akasimama, akauliza kwa upole, "Celina, hili dirisha lako huwa linafungika vizuri?" Nikamjibu kwamba linafungika.

Vishikio vilifika Januari. Sanduku la mbao, kila kitu kimelala kwenye nafasi yake, koleti nane zinametameta. Runji akafunga chaki, akakaza nondo, akakata mfereji wa kwanza kwa dakika kumi na mbili. Akalegeza nondo, akaigusa kidogo, kishikio kikamwangukia mkononi bila nyundo, sawasawa na alivyoandika kwenye barua. Wakurugenzi walipiga makofi. Yeye alifunga sanduku, akaenda kunawa, akanawa muda mrefu.

Mashine ile ilifanya kazi miaka saba na haikuharibika hata siku moja. Runji alikuwa sahihi juu ya kila kitu alichoeleza. Mtu mpya aliletwa kwenye mashine ya kukereza, akaharibu chuma kingi. Runji alikula peke yake.

Ntinyari, mke wa Mithika, akaanza kuuza kabeji Gakoromone. Nilikuwa napita pale kila Jumamosi kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuingia sokoni, na kila mara alinichagulia iliyo ngumu na nzito, akanifungia vizuri, akaniuliza habari za watoto. Hakujua. Siku moja Runji alinipa kilo mbili za sukari nimpelekee. Ntinyari aliushika ule mfuko, akaupima kwa mkono, akanirudishia. "Mwambie nimeshukuru. Mithika alisema chochote kikitoka huko kirudi."

Hapo nikaelewa kwamba nyumbani pia Mithika hakuwa amesema sababu. Alikuwa ameikataa sukari tu.

Kahawa ikaanguka bei. Wakulima wakaacha mikahawa ikaota magugu, wengine wakang'oa usiku usiku ili chifu asione, maana sheria ilikataza. Ushirika ukagawanyika, karakana ikafungwa mwaka wa 1996, na mashine ya kijani ikauzwa pamoja na sanduku lake kwa mtu wa Thika aliyekuja na lori. Muriithi alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari mwaka mmoja kabla. Mimi nikarudi Embu. Runji akarudi Siakago.

Nilimwona tena mwaka wa 2003, nilipokwenda Siakago kwa mazishi ya binamu. Alikuwa na kibanda karibu na soko, anachomelea mageti na kutengeneza vinu vya posho. Kifungo cha shingoni bado kilifungwa. Alinipa kiti, akaagiza chai, na kabla haijafika akaanza kuongea kama mtu aliyekuwa ameniweka akiba.

"Kila siku nafikiria ile tepa, Celina. Ningekubali Morsi, tungeifunga na vifaa vya Mzee siku ile ile ilipofika. Na nondo yake ya kuvuta ingeshika kisu chenyewe. Mithika angekuwa na mkono. Nilichagua vibaya."

Aliendelea. Alikuwa na hesabu zote. Alinieleza habari za mwinamo na msuguano na beringi, akachora kwenye vumbi la meza. Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa, na hasira ikanipanda ambayo sikujua ninayo, ya miaka kumi na tano, na si juu yake peke yake.

"Naftaly," nikasema, "tepa haikumfukuza Mithika kazi."

Akaacha kuchora.

"Nilikuwa dirishani. Nilikusikia ukisema kata. Halafu nikakusikia ukisema ulikuwa Nairobi. Na mimi nikaandika."

Kinu cha jirani kilikuwa kinasaga, tukakisikiliza. Kisha akafuta meza kwa kiganja. "Anaishi pale pale?"

"Pale pale."

Tulikwenda wiki iliyofuata, mimi na yeye. Mithika alikuwa ameketi nje, amekonda, ule mkono ameuweka mapajani kama kitu alichobebeshwa na mtu. Ntinyari alituletea viti akarudi jikoni. Runji hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, kwa Kimeru chake kibaya cha Kimbeere, kwa maneno machache: kwamba aliruhusu, kwamba aliulizwa, kwamba alikana. Mimi nikaongeza langu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na sufuria huko ndani zilikuwa zimenyamaza.

Mithika alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mnaniambia mimi?" akauliza. "Mimi nilikuwepo."

Akausogeza ule mkono mapajani.

"Siku ile nilifunga mdomo ili wewe ufungue wako. Nilisema, huyu ni mwanangu, atasema. Nikangoja. Hata wakati wa kutia sahihi nilikuwa bado nangoja." Hakupaza sauti. "Wale walitakiwa kusikia wamekufa. Sasa mmeniletea mimi nifanyie nini?"

"Nisamehe, Mzee," Runji akasema.

Mithika aliangalia jua, kisha barabara. "Gari la Embu linajaa saa nane," akasema. "Mkichelewa mtalala njiani."

Ntinyari hakutoka jikoni kutuaga. Tulitembea mpaka stendi, tukapata nafasi mbili za nyuma, tukapita Nkubu, na Chuka, na Runyenjes. Tuliposhuka Embu, kabla hajapanda gari la Siakago, Runji alinishika mkono akasema, "Asante kwa kunisindikiza," kama mtu aliyepelekwa hospitali.